Ng'oto wa Mang'ola

Karatu,
Jumamosi, 9 Novemba 2024.

Kwako Yeyo wangu mpendwa,

Nainamisha kichwa changu hapa Karatu, nawe uniguse utosini huko huko uliko Nainokanoka. Natumaini baridi ya mwezi huu imekuhurumia, na lile goti la kulia limekubali kukuacha ulale. Josephati, dereva wetu aliyebeba barua hii, amebeba pia chupa mbili za mafuta ya kuchua. Usimgawie mtu, hata akisifia harufu yake. Na yule ng'ombe wa kijivu ameshazaa? Niambie amezaa jike. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri, na kazi ya mapokezi pale loji inaendelea. Meneja ameninunulia koti jipya la kazi, ila mikono ni mirefu mpaka wageni wananipa pole.

Salamu zako pia, Lilian, mwalimu wetu unayemsomea mama. Nimeiagiza barua ije kwako shuleni kwa sababu simu ya boma inalala mfukoni mwa kaka Sakaya, na barua ikifika bomani yeye ndiye huisoma, na huruka asichokipenda. Wewe usiruke. Tena nakuomba msome mkiwa wawili, siku ambayo Sakaya ameenda mnadani. Ukifika mahali mama akanyamaza, mwache anyamaze, kisha endelea.

Yeyo, kuna mtu anaitwa Bonaventura. Anataka kuja kwako Jumamosi ya tarehe 30 pamoja na wakubwa wake, kuniomba. Kaka ameshaniambia kwa simu kwamba mtu huyo hatapita kwenye lango letu. Mimi nataka apite, na nataka umpokee wewe. Nimelitaja jambo lenyewe mapema ili usikae unahofu kwamba ninaumwa au nimefukuzwa kazi. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, maana unanijua, siwezi kuingilia habari katikati. Nimeifungua shajara yangu hapa mezani ili nisichanganye siku.

Ilianza Jumatano ya tarehe 17 Aprili. Loji ilikuwa na familia ya wageni kutoka Alaska, nchi ya barafu, kaskazini kabisa mwa Marekani. Babu yao anaitwa Richard. Siku ya kwanza waliteremka kreta, wakaona simba, wakaona kifaru kwa mbali. Siku ya pili wenzake wakataka kurudi kwa simba, yeye akakataa. Alikuja mapokezi na mfuko mrefu mwembamba begani, akaniuliza mto wenye samaki uko wapi. Nilidhani sikumwelewa. Josephati alikuwa ameegemea meza yangu akinywa chai, akasema kwa Kiswahili nimwambie mzee kwamba hapa Karatu mto ni barabara mvua ikinyesha. Lakini mimi nilikuwa nimewasikia wauza vitunguu wakisema kwamba mvua za masika zikikolea, kambare hupanda kutoka Ziwa Eyasi na kuingia mto wa Mang'ola kutaga mayai. Nilimtafsiria mzee hayo. Alinishika mkono kama mtu aliyepewa ndama. Meneja akasema basi niende nao kesho yake, niwe mkalimani.

Njiani tukiteremka Mang'ola, mzee Richard alinieleza kwa nini alifurahi. Alisema kwao kuna samaki anayeitwa koho. Koho huzaliwa mtoni juu milimani, akikua huteremka mpaka baharini, anazunguka huko, na wakati wa kutaga ukifika huurudia mto ule ule aliozaliwa. Mito ni mingi lakini hakosei, eti anaujua kwa harufu ya maji yake. Akipanda hali kitu. Dume hugeuka mwekundu na mdomo wake hupinda kama ndoano. Anauma chambo kwa hasira tu, si kwa njaa. Akimaliza kutaga hufa pale pale, harudi tena baharini. Nilimtafsiria Josephati. Alizungusha usukani kwenye kona mbili, kisha akasema samaki huyo ni sawa na wafanyakazi wa serikali, wanarudi nyumbani kwao wakishastaafu.

Mtoni tulimkuta Bonaventura. Ni mtu wa vitunguu, ana shamba lake la kukodi la kumwagilia, lakini masika mto ukijaa hushika mshipi. Alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, ametulia kama mtu anayesikiliza jirani wanaogombana. Mzee Richard alitoa ufito wake, akauunganisha vipande vinne, akafunga ndoano yenye manyoya ya ndege, akaanza kuurusha mshipi mbele na nyuma bila kugusa maji. Watu wa mashambani waliacha majembe wakaja kutazama. Ulikuwa uzuri hasa, Yeyo, mshipi ukipita hewani kama mjeledi usiompiga mtu. Lakini kambare hawakujali manyoya. Maji yalikuwa tope na wao hutafuta kwa sharubu, si kwa macho. Bonaventura akakata kipande cha sabuni ya kufulia akampa, maana huku kambare anapenda sabuni sijui kwa nini. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaitia kwenye ndoano, na muda si muda akapata wa kwanza. Alimtazama, akamsemesha, akamrudisha majini. Wa pili hivyo hivyo. Wale watu wa mashambani waliumia roho. Mama mmoja aliuliza kwa sauti kama mzungu huyu anavua au anasalimia.

Wa tatu ndiye alikuwa mkubwa. Alivuta, mzee akateleza kwenye tope akakaa chini, na katika kukaa huko akanitupia mimi ufito kwa sababu nilikuwa karibu. Nikabaki nao mikononi, Yeyo. Mimi ambaye nilikua nikiambiwa samaki ni nyoka asiye na adabu. Josephati akapiga kelele nisimwachie. Bonaventura akasema nimwachie kidogo halafu nimvute. Kila mtu alikuwa na lake. Nikasahau Kiswahili kabisa, nikaanza kumfokea yule kambare kwa Kimaa, kama ninavyomfokea ndama anayevuta kamba kumrudia mama yake, nikamwambia asimame, mjinga wewe, simama. Na kweli akachoka akasimama. Bonaventura akaingia akambeba kwa mikono miwili. Aliniuliza nilimwambia nini yule samaki hata akatii. Nilipomwambia, hakucheka hapo hapo. Aliniambia baadaye kwamba alicheka usiku, peke yake.

Mchana tulikwenda kula kwa mama yake, Mama Brigita (Brigita ni jina lake mwenyewe), mwenye kibanda cha chakula kando ya mto. Ni Mnyiramba kutoka Singida, alikuja zamani kutafuta kibarua cha vitunguu akabaki. Wenzangu walikula ugali na kambare. Mimi niliomba chai. Mama Brigita aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kwa mteja wa chai, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Nainokanoka. Akaita binti yake alete sukari, akamwita kwa jina la Ng'oto. Niligeuka kutazama, nikitegemea kuona mama wa Kimasai na watoto wake. Alikuwa msichana wa umri wangu, Mnyiramba kabisa, ana sukari mkononi. Nikacheka, nikasema kwetu hilo si jina la mtu. Ng'oto ni mama wa fulani, na lazima huyo fulani atajwe, vinginevyo umemwita mtu Mama na kumwacha njiani. Wote wakacheka isipokuwa Mama Brigita. Yeye aliniongezea chai.

Baada ya hapo Bonaventura akawa na sababu za kuja Karatu. Mara mbolea, mara dawa ya wadudu, mara anataka kujua mzee Richard alifika salama kwao. Nilimwambia mzee alifika salama mwezi Aprili, na sasa ni Julai. Akasema basi anataka kujua habari zangu mimi. Ni mtu wa maneno machache, Yeyo, na anayosema huyatimiza. Hanywi pombe. Kanisani anakaa nyuma na anaimba sauti ya pili. Anajifunza Kimaa kwa Tobiko, mlinzi wetu wa usiku, na Tobiko hana huruma. Siku moja Bonaventura alifika getini akamwamkia “takwenya”, salamu ya kuwaamkia wanawake, na Tobiko mzee wa watu, mwenye ndevu, akamwitikia “iko” kwa sauti nyororo ya msichana aliyetoka kisimani. Loji nzima ilisikia. Mpaka leo wapishi wanamwita Tobiko shemeji.

Mwezi Septemba nikampigia kaka Sakaya. Nilijua ni lazima Bonaventura apite kwake, maana tangu baba atutoke yeye ndiye mkubwa wa boma. Akaniuliza huyo mtu ni wa ukoo gani, nikasema ni Mnyiramba. Akaguna. Akaniuliza ana ng'ombe wangapi, nikasema hana, ila anaweza kununua. Akaguna tena. Akaniuliza anafanya nini, nikasema analima vitunguu, na mvua ikinyesha anavua. Kisha kaka yangu akauliza, “Anavua nini? Mashati?” Nikasema anavua samaki. Akasema ingekuwa afadhali mashati.

Kisha aliongea maneno mazito, na nitayaweka kama yalivyo, kwa sababu huenda wewe amekupa mepesi. Alisema mtu wa samaki ni mtu aliyeshindwa na ng'ombe. Alisema mtu huyo akiingia bomani ng'ombe watanusa na kuzuia maziwa. Alisema hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kutia samaki kinywani, tangu babu wa babu, na kwamba yeye hatakuwa mwana aliyefungua lango hilo. Unajua ninampenda kaka. Ndiye aliyeuza madume yake mawili nikamaliza kidato cha nne, na hajawahi kunikumbusha hata akiwa na hasira. Ndiyo maana maneno yake yaliniuma, na ndiyo maana sikutaka kuolewa kwa kumruka.

Sasa nafika mahali ambapo, Lilian, nakuomba utazame mlangoni kwanza kama kuna mtu, na utakayoyasoma yaishie kwako.

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba nilikwenda Mang'ola kumweleza Mama Brigita kwamba kwetu kuna ugumu. Nilimpa maneno yote ya kaka, pamoja na hilo la babu wa babu. Alikuwa anakuna nazi. Aliweka mbuzi pembeni, akafuta mikono, akaniuliza kama mama yangu ana alama ya kuungua juu ya kiwiko cha kushoto, yenye umbo la jani. Nikasema anayo. Akaniuliza kama mtoto wake wa kwanza anaitwa Sakaya. Nikasema ndiye huyo kaka ninayemweleza. Basi machozi yakamtoka, na akacheka humo humo.

Yeyo, ameniambia.

Ameniambia mwaka ule wa ukame, baba alipokwenda mbali na ng'ombe waliobaki na hakuna aliyejua kama atarudi, ulimwacha Sakaya kwa bibi ukateremka Mang'ola na mimi mgongoni, kutafuta kibarua cha kupanda vitunguu. Ulikuwa Mmasai peke yako kwenye kile kibanda cha vibarua. Hukujua Kiswahili zaidi ya maji na asante. Walipokuuliza jina ukasema wewe ni Ng'oto Sakaya, kama anavyosema mama yeyote wa kwetu, nao wakadhani Ng'oto ndiyo jina ulilopewa na wazazi, na Sakaya ni mume. Walikuita Ng'oto, na wewe ukaitika.

Ameniambia chakula kilikuwa ugali na mchuzi wa kambare, hakuna kingine. Wewe ulikula ugali mkavu na maji. Yeye alikuwa na mimba kubwa, mnalala mkeka mmoja. Anasema maziwa yako yalikauka, nikawa nalia bila machozi. Akachota mchuzi kwenye bakuli, akaliweka karibu nawe, akageuka akakupa mgongo, na akawaambia wanawake wengine wote nao wageuke. Wakageuka. Aliposikia bakuli limewekwa chini hakugeuka mara moja. Alisubiri mpaka ulipoanza kuninyonyesha. Anasema hukumwambia kitu, ila tangu siku hiyo ulimbebea maji yake yote kutoka mtoni, na wanawake wale kila siku wakati wa kula waligeuka, kama wanavyogeuka watu mtu anapovaa.

Na ameniambia siku uchungu ulipomshika. Ilikuwa mchana, mvua ya kwanza ya kuvunja ukame imenyesha juu milimani, mto umejaa na zahanati iko ng'ambo. Vibarua wote walikuwa mashambani. Ulimzalisha wewe, kwa mikono yako, bila neno moja mnaloelewana isipokuwa pole. Ulimkata mtoto kitovu, ukamtemea mate ya baraka, na Mama Brigita alistuka kidogo kisha akaelewa. Akamwita mtoto jina lako. Baada ya siku chache baba akatuma habari kwamba yuko hai, ukanifunga mgongoni ukapanda nyumbani. Hamkuonana tena.

Nilipokuwa mdogo ulituambia mwaka wa ukame ulikula maharage ya Mang'ola. Nimefanya kazi Karatu miaka minne nikiwaambia wageni kwamba maharage bora nchi hii hutoka Mang'ola. Nimecheka sana nilipokumbuka hilo. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu ulinyamaza peke yako miaka yote hiyo, wakati watu wa boma wakisema mbele yako kwamba anayekula samaki si mtu, na wewe unawamiminia maziwa. Mimi niko hai kwa lile bakuli. Siku hiyo niliporudi mezani niliomba kambare, nikala hadi mifupa, na sasa nakula. Nilitaka nikuambie hilo kwa mkono wangu, usije ukalisikia kwa mtu.

Sasa sikiliza vizuri, na Lilian soma polepole. Sitamwambia kaka. Bonaventura mwenyewe anajua tu kwamba dada yake alizalishwa na mama wa Kimasai, hajui ni yupi. Mama Brigita alinieleza mimi peke yangu na ameapa. Najua neno hili moja lingeweza kumnyamazisha Sakaya kabla hajamaliza kuguna, na nimelifikiria, usidhani mimi ni malaika. Lakini lile bakuli walikupa kwa kugeuka, na mimi sitakuwa wa kwanza kutazama na kuita watu. Kaka akikataa, basi atakataa, nasi tutasimama nje ya lango siku hiyo, na tutarudi siku nyingine, na nyingine, mpaka achoke. Bonaventura ana subira. Anavua kambare kwenye tope.

Kuna ombi moja tu. Mama Brigita anataka kuwa mmoja wa wakubwa watakaokuja tarehe 30. Alitaka nikuulize kwanza, kwa sababu hataki kukuingilia nyumbani kwako bila ruhusa. Amesema ukimpa mkono kama mgeni, naye atakupa mkono kama mgeni. Atakaa atakapoonyeshwa, atakunywa chai, ataulizwa habari za Singida na atazijibu. Hatalitazama hata hilo kovu la kiwiko. Nilimwuliza kama haitamuuma kukaa mbele yako namna hiyo. Akasema haitamuuma, yeye amekuwa akikuita kila siku miaka yote hii, kila alipomwita binti yake aje kula.

Kama hutaki aje, Josephati atakapopita tena huko mwambie neno “bado”, ataelewa ni la kwangu na hatauliza. Kama unataka aje, mwambie “sawa”. Nikipata lolote kati ya hayo mawili nitakupenda vile vile, na nitavaa koti langu la mikono mirefu niende kazini kama kawaida.

Nisalimie wote bomani, wakubwa kwa heshima na watoto kwa kuwafinya mashavu. Nisalimie kaka Sakaya, mwambie nimemnunulia tochi ile aliyoitaka, ya kuchaji kwa jua. Nisalimie na ng'ombe wa kijivu. Tobiko anakusalimu, na Josephati pia, ingawa utakuwa umeshamwona. Lilian, ukimaliza kusoma usiikunje barua hii ukaiweka kwako. Mpe mama mkononi, aishike yeye, ajue mwenyewe ataitia motoni au ataitunza.

Nakutakia usiku wa joto na mvua ya kiasi.

Mimi mwanao wa mgongoni,
Naisula.